Msamaha wa Baba Shami

King'ora cha moto kililia saa nne na dakika kumi asubuhi, na kabla hakijanyamaza mwalimu wa hesabu alikuwa ameanguka chini ya ngazi, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, uso umempauka. Hapakuwa na moto. Nje, kwenye majani yaliyolowa umande wa Oktoba, wanafunzi elfu moja walikuwa wakicheka na kusukumana mabega. Ndani, kwenye korido ya ghorofa ya pili, msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa amesimama peke yake, hatua mbili kutoka kwenye kisanduku chekundu cha king'ora ambacho mpini wake ulikuwa umevutwa chini.

Mimi ndiye niliyempata. Kazi yangu ilikuwa hiyo.

Mwaka huo wa 2016 nilikuwa polisi wa shule ya sekondari kusini mwa Louisville, Marekani, upande wa Beechmont, mahali ambapo basi la asubuhi hujaa lugha tisa kabla ya kufika kituo cha tatu. Nilikuwa na bastola, pingu, redio, kamera kifuani, na beji iliyoandikwa Birindwa, jina la baba yangu. Idara ilinichagua kwa sababu nasema Kiswahili, na shule ilikuwa na watoto mia mbili na kitu waliotoka kambi za wakimbizi kama mimi. Walitaka mdomo wangu. Mengine yaliyokuja pamoja na mdomo huo hawakuyaagiza, ila waliyapata.

Watoto waliniita Ya Nzigire, kama wanavyomwita dada mkubwa nyumbani. Walizoea kunitania. "Ya Nzigire, hiyo bastola ni ya kweli ao ya plastiki?" Nami nilizoea kuwajibu: "Chelewa darasani uone." Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka mzima, bila mtoto hata mmoja kutoka mlangoni akiwa na pingu zangu mikononi. Nilijivunia jambo hilo kuliko beji.

Sasa nilikuwa mbele ya Shami, binti wa Karekezi, watu wa milima ya Minembwe huko Kongo. Alikuwa amebana vitabu kifuani.

"Shami," nikamwambia kwa Kiswahili, "kwa nini umefanya hivi?"

Akainamisha kichwa.

Nataka swali hilo likumbukwe. Nililiuliza mimi, kwa lugha yangu ninayoringa nayo, na nililiuliza vibaya.

Makamu wa mkuu wa shule, Bi. Pruitt, alipanda ngazi akihema. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, na mwezi huo king'ora kilikuwa kimeshavutwa mara mbili bila mtu kushikwa.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Hajasema kitu."

"Basi kunyamaza kwake ni jibu," akasema, akampeleka Shami ofisini.

Ningeweza kumwambia palepale kwamba kwa watu wetu mtoto anayeulizwa na mkubwa "kwa nini" hajibu, huinama, kwa sababu kujibu ni kubishana. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa na haraka. Mwalimu alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, gari la wagonjwa lilikuwa mlangoni, na mimi nilitaka jambo hili limalizwe kwa njia ninayoijua: mzazi aje, aseme maneno mazuri, mtoto aadhibiwe kwa kufagia ukumbi wa chakula, yaishe. Nikampigia Karekezi simu kazini kwake Jeffersontown, kwenye kiwanda cha kupakia vipuri.

"Baba Shami, ni Nzigire wa shule. Shami ni mzima. Kuna neno limetokea. Njoo tuombe msamaha, yaishe."

"Nakuja, mwana wetu," akasema. Hakuuliza neno gani.

Alifika baada ya dakika arobaini akiwa na viatu vya kiwandani vyenye chuma mbele, na kofia yake ya pama, ile anayotembea nayo kila mahali na kuivua mbele ya kila mwenye ofisi, ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Bi. Pruitt alimwonyesha kiti. Hakukaa. Wazee wa kwetu hawakai mbele ya baraza kabla hawajasema neno la kwanza. Akasimama katikati ya ofisi, karibu na mashine ya kuchapa, akasema kama anavyosema mbele ya wazee wa kanisa kila mara mwana wa mtu anapopiga mwana wa mtu, akianza na ile "bon" ya Kongo, yaani haya:

"Bon. Tuko hapa. Tumekosa, mutusamehe. Mutoto ni wetu, na kosa ni yetu. Mutupige fimbo, tutapokea."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, kama mwanafunzi mzuri. *Tumekosa. Tusamehe. Kosa ni letu.*

Kalamu ya Bi. Pruitt ilianza kukimbia. Nilipoiona inakimbia nikaelewa, lakini mdomo ulikuwa umeshamaliza. Akageuza karatasi, akaweka kidole chini pale penye mstari. Karekezi hakuisoma. Miaka kumi na mbili kambini ilimfundisha kwamba karatasi ikisukumwa mbele yako, unatia sahihi, unapata unga. Akatia sahihi, akarudisha kalamu kwa mikono miwili, akamwambia Bi. Pruitt asante.

"Vizuri," akasema Bi. Pruitt. "Baba amekiri kwa niaba ya familia. Afisa Birindwa, tunaweza kuendelea na mashtaka. Kupiga king'ora cha uongo, na kumjeruhi mwalimu."

"Anasema nini?" Karekezi akaniuliza, bado anatabasamu lile tabasamu la kumaliza mambo.

Ikabidi nimwambie. Sijui kama nimewahi kusema Kiswahili kizito kama kile. Nilimwambia kwamba Shami atachukuliwa. Kwamba saa tisa, shule ikifungwa, atatoka kwa mlango wa mbele akiwa amefungwa pingu, apelekwe kwenye nyumba ya watoto walioshtakiwa, na jina lake litaingia kwenye mashine isiyosahau.

"Lakini nimeomba musamaha," akasema.

"Ndiyo, Baba Shami."

"Nimeomba vizuri?"

"Umeomba vizuri."

"Bon, sasa wanakamata mutoto juu ya nini?"

Nikamgeukia Bi. Pruitt. Nikamweleza. Nilimwambia kwamba kwetu, ukiitwa kwenye baraza, msamaha ndio unaotangulia. Unauomba kabla hujajua umeitwa kwa lipi. Unamwombea mtoto, unamwombea ng'ombe, unaomba hata kama wewe ndiye uliyekosewa. Ni kama kunawa mikono kabla ya chakula. Mtu akinawa, husemi kwamba ameshakula. Baada ya kunawa ndipo watu wanakaa na kuuliza: haya, kumetokea nini? Huyu mzee alikuwa amenawa tu.

Bi. Pruitt alinisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namsifu. Kisha akasema, "Nina mwalimu mwenye mkono uliovunjika, nina karatasi yenye sahihi. Na wewe ndiye uliyetafsiri."

Hapo ndipo Shami aliposema. Alikuwa kwenye kiti cha kona, tumemsahau, tunamzungumzia kama mzigo uliopotea uwanja wa ndege. Alisema kwa Kiingereza, Kiingereza cha watoto wetu, chepesi na kikali:

"Hakuna aliyeniuliza kama nimefanya."

Bi. Pruitt akaweka kalamu chini.

"Nyote mmeniuliza kwa nini," akasema, akiangalia vidole vyake. "Ya Nzigire kwanza. Nilikuwa natoka chooni. King'ora kilianza nikiwa bado mlangoni. Nilisimama kwa sababu sikujua niende upande gani."

"Ulimwona mtu?" nikauliza.

"Migongo. Watu wanakimbia."

"Mbona hukusema mapema?" akauliza Bi. Pruitt.

Shami akamwangalia baba yake, akarudi kwenye vidole. "Baba alikuwa ameshaanza kuomba."

Sijui hata leo kama alisema kweli. Nawaambia hilo wazi, maana kuna watu wanaoisimulia habari hii kana kwamba nilikuwa na ushahidi mfukoni. Kamera za korido ile zilikuwa zimekufa tangu Septemba. Nilichokuwa nacho ni mtoto ambaye hakuulizwa, baba aliyenawa mikono, na mimi niliyewaita wote wawili mezani nikijua desturi mbili na kutumia ile ya haraka.

Nikawaacha ofisini nikaenda kwenye meza yangu kuandika. Saa ilikuwa sita na nusu. Kabla sijafungua mashine, simu yangu ikaita. Baba yangu, kutoka Columbus.

Baba anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Clintonville, anawaogesha na kuwasomea Zaburi kwa lugha wasiyoijua nao wanatulia. Pia yeye ndiye kiongozi wa mstari wa maombi wa kanisa letu, ile namba ya simu ambayo kila Jumatano watu wa Louisville, Columbus na Buffalo wanaingia pamoja na kuomba mpaka betri zinaisha. Mstari huo hubeba sala. Hubeba na mengine.

"Nzigire, mutoto yangu. Nasikia umekamata binti wa Karekezi."

"Nani amekuambia?"

"Kanyange."

Kanyange ni dada wa Karekezi. Yuko Buffalo.

"Baba, yamepita masaa mawili tu! Buffalo wamejua kabla mkuu wa shule hajajua."

"Buffalo kuna baridi, watu wanakaa na simu. Sikia. Yule mama wa shule, usishindane naye. Mwambie Karekezi aombe tena. Apige magoti kama inafaa. Na weye uombe. Donc, basi, yote itaisha."

"Hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, Baba."

"Musamaha haijawahi kuua mutu."

"Hapa umeandikwa kwenye karatasi ya mashtaka."

Nilisikia nyuma yake kengele ya mgonjwa ikiita na mtu akilalamika kuhusu supu.

"Sisi ni wageni mu hii inchi," akasema polepole. "Mugeni hanyoshe shingo. Tulivumilia barabarani mupaka kambi, tukavumilia kambi mupaka hapa. Unafikiri tulipita namna gani? Tulipita tukiwa tumeinama."

"Najua, Baba. Niliona mgongo wako njia nzima."

"Sasa?"

"Sasa mimi niliinua mkono nikaapa. Walinipa bastola. Mgeni hapewi bastola, Baba. Nikiinama leo na hii sare, Shami anapita chini yangu, anaenda jela."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze nikiwa nimesimama."

"Hiyo kichwa yako," akasema, "ni ya mama yako yote." Akakata simu bila kunibariki, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niwe na simu.

Nikafungua mashine nikaandika.

Ripoti ya polisi ina visanduku. Jina la mshukiwa, jina la aliyeumizwa, saa, mahali. Kisha chini kuna nafasi ya kueleza, na maafisa wengi huandika mistari minne wakaenda kula. Mimi niliandika kurasa tatu. Kwenye kisanduku cha mshukiwa niliandika: hajulikani. Nikaeleza kwamba afisa aliyefika, yaani mimi, alimkuta mwanafunzi karibu na kisanduku cha king'ora. Kwamba afisa huyo hakumwuliza kama amekivuta, bali alimwuliza kwa nini amekivuta. Kwamba hakumwambia ana haki ya kunyamaza, kisha kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa jibu. Kwamba afisa huyo ndiye aliyempigia mzazi simu na kumwambia aje aombe msamaha, kabla mzazi hajajua kilichotokea. Kwamba mzazi aliomba msamaha kwa desturi ambayo afisa anaijua vizuri, na afisa alitafsiri maneno akaacha maana. Yote yako kwenye kamera yangu ya kifuani, niliandika. Sikilizeni dakika ya tatu. Sikilizeni simu.

Mstari wa mwisho niliuandika mara moja na sikuufuta: *Ungamo pekee lililotolewa leo katika shule hii ni hili langu.*

Sajini wangu, Stovall, alifika saa nane. Mtu mnene, mpole, aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu. Akasoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Birindwa," akasema, "umejishtaki mwenyewe."

"Nimeandika kilichotokea."

"Unaelewa kwamba faili ikifika kwa mwendesha mashtaka na karatasi hii ndani, hataigusa hata kwa fimbo?"

"Naelewa."

"Na unaelewa Bi. Pruitt atapiga simu juu, na mimi nitaambiwa nimtoe hapa afisa ambaye hajui kumhoji mtoto."

"Ni kweli. Leo sikujua."

Akajikuna shingo. "Ngoja nikusaidie. Futa ukurasa wa pili na wa tatu. Andika mistari minne. Tia sahihi kwenye mashtaka, hakimu wa watoto atampa masaa ya kuokota takataka, atarudi darasani. Wewe unabaki. Watoto hawa wanakuhitaji. Akija hapa afisa mwingine asiyejua hata kutamka majina yao, atawasaidia nini?"

Hilo ndilo lililokaribia kunishinda. Baba alinitisha kwa woga, nao nimezaliwa nao, naufahamu sura. Stovall alinishika kwa kitu ninachokipenda. Nikafikiria watoto wangu mia mbili na afisa mpya akiwaita kwa kuwanyooshea kidole. Nikafikiria pia pingu, na saa tisa, na mlango wa mbele, na Shami akipita katikati ya watoto haohao mia mbili nikiwa nimemshika kiwiko.

"Sajini," nikasema, "nikibaki hapa kwa kumfunga huyu, nitabaki kuwafanyia nini wale wengine?"

Akatoa kalamu yake mwenyewe akanipa. Nikatia sahihi kwenye kurasa tatu zote. Karatasi ya mashtaka niliirudisha nyeupe kama ilivyokuja.

"Jumatatu uripoti kitengo cha barabarani," akasema, akaondoka na ripoti yangu mkononi. Mlangoni akageuka. "Ule mstari wa mwisho ulikuwa wa kuringa."

"Ndiyo, Sajini."

Bi. Pruitt alipopewa habari alikuja mezani kwangu na funguo zake zikipiga kelele. Alisema maneno ambayo sitayarudia; hakutukana, ila alisema kwamba anajua sasa niko upande wa nani. Nikamwambia ninajua pia, na kwamba mwalimu wa hesabu ana haki ya kumjua aliyevuta mpini ule, na mtu huyo hatapatikana kwa kumfunga aliye karibu. Akampa Shami adhabu ya siku tatu nyumbani kwa kuwa koridoni bila kibali. Sikuweza kuizuia. Adhabu za shule ni zake.

Kengele ya saa tisa ililia. Mlango wa mbele ukafunguliwa na watoto wakaanza kumiminika. Nilisimama mahali pangu pa kila siku, karibu na nguzo, kidole gumba kwenye mkanda. Walikuwa wameshasikia. Walipita polepole kuliko kawaida, wakiangalia mkanda wangu, pale pingu zinapokaa kwenye mfuko wake wa ngozi. Mfuko ulikuwa umefungwa.

Shami na baba yake walitoka ofisini wakaja kwenye korido kubwa. Bi. Pruitt alikuwa amesimama mlangoni akiaga wanafunzi, kama afanyavyo kila siku. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka isipokuwa mbele yake.

Karekezi alipomfikia akasimama. Nikaona mabega yake yanashuka na kofia inapanda mpaka kwenye tumbo, mikono miwili. Nikaona mdomo wake ukijiandaa. Mtu wa miaka hamsini na tisa hawezi kubadilika kati ya saa sita na saa tisa. Alikuwa anaenda kunawa tena.

Nilipiga hatua moja. Nilikuwa na maneno tayari.

Sikuhitajika. Shami aliweka mkono juu ya mikono ya baba yake, juu ya kofia, akamwambia kwa Kiswahili, mbele ya watoto wote, sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, leo hapana."

Karekezi alimwangalia binti yake. Kisha alimwangalia Bi. Pruitt, usoni, kitu ambacho sikuwa nimemwona akikifanya kwa mtu yeyote mwenye ofisi. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa muda wa pumzi mbili hivi, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake jioni aone kama wametimia.

"Bon," akasema.

Akaivaa kofia yake. Mulemule ndani, chini ya paa, mbele ya mwenye nyumba, akaiweka sawa kwa kidole kimoja, akatoka nje na mtoto wake.